Mwenyeji Kwanza, Mtambo Baadaye

Hotuba kwa watangazaji wa redio jamii na viongozi wa asasi za kiraia wa Nyanda za Juu Kusini, jijini Mbeya

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, watangazaji wenzangu, mafundi mitambo, viongozi wa asasi mliotoka Kyela, Rungwe, Mbozi, Makete, Njombe na Iringa, itifaki imezingatiwa. Poleni na safari, na poleni na baridi wale mliozoea joto la kule ziwani.

Nimeombwa nizungumze juu ya dunia pepe na namna vyombo huru vya habari na asasi zetu zinavyoweza kuzitumia kuwafikia watu. Kwa wale ambao neno hili ni geni: dunia pepe ni mahali palipojengwa ndani ya kompyuta. Unaingia ukiwa na umbo lako, wenyewe wanaliita avata, unatembea, unakutana na mtu aliyeko Songea au Stockholm, mnaongea, mnajenga kitu pamoja. Video unaitazama ukiwa nje yake. Huku unaingia, na ukitoka wenzako wanaona kuwa umeondoka.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msije mkausubiri. Dunia hizi zinatufaa, tena zinatufaa sisi wa huku kuliko wengi wanavyodhani, lakini kwa sharti moja: kila mlango tutakaoufungua uwe na mwenyeji aliyekaa ndani, kwa saa zinazojulikana. Mlango usio na mwenyeji ni hasara, hata kama umejengwa kwa mamilioni.

Wengi humu ukumbini mna umri wa kuzikumbuka kadi za salamu. Unanunua kadi, unaandika jina lako na sanduku la posta, unaorodhesha unaowasalimia, chini unaweka ujumbe, kisha unaipeleka studio au unaituma. Siku ya kipindi kaya nzima inakaa karibu na redio kusubiri jina lisomwe. Mpiga salamu wa Tukuyu alimfahamu mwenzake wa Mafinga kwa jina lake la redioni, akajua ana watoto wangapi na anashabikia timu gani, na hajawahi kumwona usoni. Baadaye wakaanzisha vikundi, wakawa wanachangiana kwenye misiba na harusi. Watu walikuwa na mahali pao pa kukutana, na mahali hapo hapakuwa na ukuta wala paa.

Nani alipatunza? Mtangazaji wa salamu. Alifika saa ileile kila wiki, alijua majina ya watu, na mtu akikaa wiki tatu bila kadi aliulizwa hewani: fulani wa Ilembo, uko salama? Nimeona vipindi vya namna hiyo vikidorora mara tu mtangazaji anapohama kituo, ingawa mitambo ni ileile na masafa ni yaleyale. Naomba mkishike kipimo hicho, maana nitakitumia kupimia kila ninachowaeleza leo.

Sasa twende Marekani. Mwaka 2003 kampuni ya Linden Lab ya San Francisco ilifungua dunia pepe inayoitwa Second Life. Ndani yake watu walinunua ardhi, wakajenga nyumba, wakafanya biashara. Ilipofika 2006 na 2007 kila mwenye jina kubwa alitaka kuwemo. Shirika la habari la Reuters lilifungua ofisi humo Oktoba 2006 na kumweka mwandishi wake. Sweden ilifungua jengo la ubalozi mwaka 2007, na aliyelizindua ni waziri wa mambo ya nje, Carl Bildt. Kampuni nyingi za biashara zilijenga majumba ya kuvutia, zikaita waandishi, zikapiga picha, zikaondoka. Ukirudi baada ya mwezi unakuta jumba zuri halina mtu. Ofisi ya Reuters nayo haikudumu.

Lakini palikuwa na wengine. Shirika la saratani la nchi hiyo, American Cancer Society, lina matembezi yake ya kila mwaka ya kuchangisha fedha, watu wanatembea kwa zamu usiku na mchana. Mwaka 2005 likayaingiza Second Life. Walijenga njia ya kutembelea, na kando yake ukichangia unawekewa taa yenye jina la ndugu yako aliyefariki kwa saratani au anayeugua. Avata zinapita katikati ya taa hizo, watu wanasoma majina, wanasimama, wanaongea. Kulikuwa na vikundi vilivyojipanga kwa wiki nyingi kabla ya siku yenyewe, vikauza vitu, vikafanya minada, vikagawana zamu. Mwaka wa kwanza walipata dola elfu chache tu. Mwaka 2007 walivuka dola 100,000, na mwaka uliofuata walivuka 200,000. Shirika halikuwa na teknolojia ambayo zile kampuni hazikuwa nayo. Lilikuwa na watu wanaojuana na sababu ya kukutana, na msiba ukiwamo ndani ya sababu hiyo, jambo ambalo mtu yeyote wa Rungwe au Kilolo analielewa bila kuelezwa mara mbili.

Mfano mwingine ni mdogo zaidi, na mimi naupenda kuliko ule. Agosti 2007 shirika la TechSoup, linalozisaidia asasi kupata teknolojia, lilifungua eneo ndani ya Second Life ambako asasi ndogo zilipewa ofisi bure. Zilianza 32. Ofisi zenyewe hazikuwa na lolote la kutisha, chumba, picha chache ukutani na kiungo cha tovuti. Uhai wa pale ulikuwa mkutano wa kila Ijumaa asubuhi, kwa saa za Kalifonia. Ukiingia Ijumaa unakuta watu. Mtu wa asasi ya watoto anakaa na mtu wa asasi ya mazingira, wanapeana namna ya kuandika maombi ya ruzuku. Mkutano ule uliendelea miaka mingi baada ya makampuni kufungasha virago.

Ndugu wanahabari, hapa naomba tutulie kidogo.

Tarehe 12 Machi 2020 shirika la Waandishi Wasio na Mipaka lilifungua maktaba ndani ya mchezo wa kompyuta wa Minecraft. Walioijenga walikuwa 24, kutoka nchi 16, kwa zaidi ya matofali milioni 12 ya mchezo huo. Kwa nje ni jengo kubwa la nguzo na kuba. Ndani kuna vyumba vya nchi ambako vyombo huru vimefungwa mdomo: Misri, Urusi, Saudi Arabia, Vietnam, Meksiko. Mtoto anaingia na avata yake, anasogea kwenye rafu, anafungua kitabu, na anachokisoma ni makala halisi iliyopigwa marufuku katika nchi husika. Chumba cha Saudi Arabia kina maandishi ya Jamal Khashoggi, aliyeuawa ndani ya ubalozi mdogo wa nchi yake mjini Istanbul mwaka 2018. Katika chumba cha Meksiko wanakumbukwa waandishi waliouawa, akiwemo Javier Valdez. Makala hizo walizipitishia mchezoni kwa sababu tovuti zilifungwa ila mchezo uliachwa wazi. Na maktaba yote inapakuliwa kama faili, kwa hiyo aliye nayo anaweza kumpa mwenzake, na yule naye akamgawia mwingine.

Nilipoingia mara ya kwanza nilisimama kwenye chumba cha Meksiko, na jina lililonijia ni la mtu wa kwetu. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa kazini. Mwaka 2016 mahakama ilimtia hatiani askari polisi mmoja kwa kuua bila kukusudia. Wapo humu waliofanya naye kazi. Lakini kijana aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule leo ni mtu mzima, na ukimuuliza habari za Mwangosi, mara nyingi hamjui. Hajui kwa sababu tumemweka kwenye magazeti ya zamani na kwenye hotuba za tarehe 3 Mei, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari, mahali ambako yeye hafiki. Mimi nataka tumjengee chumba. Pawe na sauti za waliomfahamu, pawe na habari alizoripoti kutoka vijijini, na familia yake ikubali kwanza, maana bila ridhaa yao hatuna haki ya kugusa hata tofali moja.

Mtaniuliza, vijana wetu wa huku wataingiaje, na bando zenyewe mnazijua? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko karibu kuliko miwani ya uhalisia pepe, ile unayoivaa machoni ukajiona uko ndani ya dunia hizo. Miwani hiyo achaneni nayo kwa sasa. Mojawapo ya zile za bei nafuu sokoni mwaka 2024 iliuzwa karibu dola 300 huko Marekani, bado usafiri, bado ushuru, na inamtosha mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kuna programu inaitwa Luanti, zamani ikijulikana kama Minetest. Ni ya bure, ni ya chanzo huria, yaani msimbo wake, maelekezo yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote kuuchukua, inafanana na Minecraft kwa kujenga kwa matofali, na inaendeshwa kwenye kompyuta zilizochoka. La muhimu zaidi, kompyuta moja inageuzwa kuwa seva, nyingine zinaunganishwa nayo kwa waya au kwa ruta ndani ya chumba kilekile, na hapo huhitaji intaneti hata kidogo. Mnahitaji umeme tu, na TANESCO wakikata, kazi iliyohifadhiwa inabaki.

Niliwahi kukaa na klabu ya kompyuta ya shule moja ya sekondari upande wa Uyole. Kompyuta zilikuwa za msaada, mbili hazina vitufe kamili. Tuliwaambia wanafunzi waijenge shule yao kama ilivyo. Wavulana walikimbilia uwanja wa mpira na geti. Wasichana watatu walikaa kwenye kompyuta moja wakajenga bweni, kisha vyoo, kisha wakahesabu hatua za kutoka bweni hadi vyooni, wakaweka giza. Ndani ya programu kuna usiku, kwa hiyo walipozungusha saa, kipande chote kile kikawa cheusi. Wakamwita mwalimu. Wakamwambia: mwalimu, hebu pita hapa. Mwalimu akashika vitufe, akatembea kutoka bweni hadi choo usiku ule wa kwenye kioo, hakusema neno. Akatoka, akarudi na makamu mkuu wa shule, naye akapitishwa palepale. Wale wasichana walikuwa wameshalisema jambo lile kwenye baraza la shule, na limeandikwa kwenye muhtasari. Safari hii wakubwa walilipita kwa miguu. Taa ziliwekwa kabla ya muhula kuisha.

Wala si sisi tuliolibuni. Tangu 2012 shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Nairobi, limekuwa likishirikiana na waliotengeneza Minecraft kuwapa wakazi wa mitaa ya kawaida nafasi ya kuchora maeneo yao ya wazi kabla wahandisi hawajaja. Miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa ni Kibera. Mama anayeuza mboga hawezi kusoma ramani ya mhandisi, na hilo si kosa lake, lakini akiliona soko lake limesimama mbele yake kwenye kioo, atakwambia papo hapo kwamba mtaro umeuweka pasipostahili. Fikirieni hilo kwa soko la Mwanjelwa. Fikirieni stendi, fikirieni machinga wanaohamishwa kila mara kwa ramani ambayo hawajawahi kusimama ndani yake. Asasi inayofanya kazi ya uwajibikaji ina chombo hapa, na redio ina kipindi cha moja kwa moja: watu wanajenga, mtangazaji anawahoji wakiwa ndani, msikilizaji aliyeko shambani Isangati anapiga simu kusema njia ile haipitiki masika.

Kuna hatari ambayo sitaki mtoke humu bila kuibeba. Ukijenga kwenye ardhi ya mtu, wewe ni mpangaji. Second Life ilikuwa ikizipa asasi na shule punguzo la nusu ya gharama ya ardhi. Mwaka 2010 ikatangaza kuliondoa kuanzia Januari 2011, na wengi wakahama, wakaacha majengo waliyoyatolea jasho kwa miaka. Punguzo lilirudi 2013, lakini aliyekwisha kuvunja nyumba halijamsaidia. AltspaceVR, dunia pepe iliyokuwa mali ya Microsoft, ilifungwa Machi 2023. Hubs ya Mozilla ilianza 2018, ikapendwa sana na walimu na wasanii kwa sababu unaingia kwa kivinjari cha kawaida, na tarehe 31 Mei 2024 Mozilla wakaizima. Tofauti ni kwamba msimbo wa Hubs ulikuwa wazi, kwa hiyo waliotaka waliuchukua, wakauendesha kwenye seva zao na kazi ikaendelea. Ndiyo maana nawasisitizia Luanti na vitu vya jamii yake. Faili likae kwenye diski yetu, nakala moja studio, nakala moja shuleni, nyingine kwa mtu tunayemwamini nje ya mkoa.

Kuhusu sheria nitapita haraka, maana wanasheria wapo na watazungumza mchana. Anayechapisha habari mtandaoni anabanwa na kanuni za maudhui mtandaoni na leseni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na anayekusanya taarifa za watu anabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Jina la mtoto, sauti yake, hata umbo la avata yake likiwa na jina la shule, ni taarifa zake. Chukueni ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Na msiwaache watoto kwenye dunia ya wazi yenye watu wazima wasiojulikana. Chumba cha kompyuta chenye mwalimu ndani yake kinatosha kabisa kuanzia.

Jambo moja nalipinga waziwazi. Wapo wafadhili wanaopenda zile filamu za kuvaa machoni ambazo mtazamaji anajikuta katikati ya kambi ya wakimbizi au kwenye nyumba ya mgonjwa. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulitumia filamu ya namna hiyo, ya msichana wa miaka 12 katika kambi ya Zaatari huko Jordan, na iliwagusa watu wenye uwezo wa kutoa. Sikatai kwamba fedha zilipatikana. Lakini Makete imepigwa picha za huruma kwa miaka mingi, za yatima na bibi zao, na watu wa Makete hawakuulizwa wanataka waonekane vipi. Tukiingia kwenye teknolojia hii tuingie na watu wetu wakiwa wajenzi. Bibi wa Makete akitaka kuonyesha shamba lake la viazi na siyo kaburi, ni shamba litakalojengwa.

Na tuna vya kujenga. Tuna Isimila, zana za mawe za watu wa kale zimelala bondeni si mbali na Iringa mjini. Tuna Kalenga, ambako fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilirudishwa 1954 baada ya kukaa Ujerumani zaidi ya nusu karne. Tuna Lugalo, ambako Wahehe waliwapiga Wajerumani Agosti 1891. Tuna kimondo cha Mbozi, Ziwa Ngosi, maua ya Kitulo, reli ya TAZARA na wazee waliofanya kazi ya kuijenga, ambao tunawazika mmoja baada ya mwingine pamoja na simulizi zao. Mzee wa namna hiyo akikaa studio na kinasa sauti, na wajukuu wakijenga kambi ya reli huku wakimuuliza nyumba zilikaa upande gani na Wachina walipika wapi, mna kipindi cha redio, mna somo la historia na mna dunia pepe kwa kazi moja.

Basi ninachoomba ni hiki. Kila kituo kilichopo hapa kiteue mtu mmoja, mmoja tu, awe mwenyeji. Asiwe fundi lazima. Awe mtu anayekumbuka majina ya watu. Atafute shule moja yenye kompyuta zinazowaka, akae na mwalimu, wapange siku moja ya wiki na saa moja, na saa hiyo itangazwe hewani kama kinavyotangazwa kipindi kingine chochote. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya hapa Mbeya, MUST na TEKU, wanaosomea kompyuta wanatafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Waombeni waje kufunga seva na kuwafundisha walimu. Asasi zenye bajeti ya mafunzo zichangie ruta na diski, msinunue kingine kwanza. Miezi mitatu ya kwanza msimwite mfadhili, msimwite mwandishi kupiga picha, msifanye uzinduzi. Kama mwezi wa nne watoto bado wanakuja na wasikilizaji bado wanapiga simu, hapo tuitane tena.

Nimekuja na Luanti kwenye diski mweko, inafungwa kwenye Windows na kwenye Linux, na kuna toleo la simu za Android. Ipo pale meza ya usajili, pamoja na karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili ukurasa mmoja. Wenye kompyuta mpakato leteni wakati wa chai tuwawekee. Wale wa Iringa, naomba tubaki dakika chache baada ya kikao cha mwisho, tuzungumze kuhusu chumba cha Mwangosi na nani atakwenda kuonana na familia.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.